Msiziharibu Fomu za Magarini: Barua ya Wazi kwa Tume ya Uchaguzi na Mipaka

Kwa Mwenyekiti na Makamishna,
Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC),
Nairobi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka ng'ambo ya Mto Sabaki. Mimi ni mwalimu mstaafu na mpiga kura wa eneo bunge la Magarini, Kaunti ya Kilifi. Sigombei kiti, sina mtoto anayegombea, na kadi pekee ya chama niliyo nayo mfukoni ni ya chama cha akiba na mikopo. Sikuandikieni kuomba mpaka usogezwe wala eneo bunge jipya likatwe. Hayo wenzangu watayaomba, tena kwa maandamano na fulana zilizochapishwa. Mimi naomba makaratasi.

Nina daftari la mraba, lile la hesabu, ambalo jalada lake lilitoka zamani nikalivika gazeti. Humo nimekuwa nikiandika matokeo ya uchaguzi wa huku kwetu tangu 1983, kwanza kwa kusikiliza redio, baadaye kwa kunakili magazeti, na siku hizi kwa kusimama mlangoni mwa darasa na tochi ya simu. Wajukuu hunicheka. Lakini mtu akitaka kujua nani alishinda huku mwaka fulani, au kabla yake alikuwa nani, huelekezwa kwangu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Historia ya kura za watu wengi namna hii haifai kukaa kwenye daftari la mzee mmoja chini ya godoro, panya wakilipigia hesabu zao.

Nianze na jambo mnalolijua. Agosti 2022 Harrison Garama Kombe wa chama cha ODM alitangazwa mbunge wetu kwa kura 11,946. Stanley Karisa Kenga wa UDA akapata 11,925. Toa hiyo kwa hii: kura 21. Huku kwetu watu 21 ni abiria wa matatu moja na nusu, au watu wa arusi waliochelewa chakula wakabaki nje. Kwa wiki kadhaa kila nyumba ilikuwa na shangazi au mpwa ambaye hakwenda kupiga kura siku ile na sasa analaumiwa kama aliyeua.

Kesi ikaenda. Mahakama Kuu ya Malindi ikaufuta uchaguzi ule mwaka 2023, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala. Kiti kikawa wazi. Katiba, kifungu cha 101, inampa Spika siku 21 kuwaarifu kwamba kiti kiko wazi, na inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90. (Nambari 21 imetuandama, itarudi tena mbele.) Lakini barua ya Spika ingepokewa na nani? Mwenyekiti aliyewatangulia, Wafula Chebukati, na wenzake wawili wa mwisho walimaliza miaka yao sita Januari 2023, wale wanne wengine nao walitoka kwa njia zao, na viti vya makamishna vikakaa vitupu hadi ninyi mlipoapishwa Julai 2025. Tukapiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Wenzetu wa Banissa, kule Mandera, walikuwa na hali mbaya kutushinda: mbunge wao Kulow Maalim Hassan alifariki Machi 2023, nao wakangoja siku ileile ya Novemba. Miaka miwili na miezi minane bila mbunge, ilhali Katiba inasema siku 90.

Sikulaumuni kwa hilo, hamkuwapo. Nalitaja kwa sababu ya kilichotokea siku hiyo ya Novemba. Washindani wakuu walikuwa walewale wawili, Kombe na Kenga, isipokuwa Kenga alikuwa amevaa shati la chama kingine. Kombe akashinda tena, na safari hii pengo halikuwa la kura 21 bali la maelfu. Eneo bunge lilelile, washindani wakuu walewale. Ni nini kilichobadilika? Ni wadi ya Gongoni iliyogeuka, au Adu? Ni watu waliohama upande, au ni watu wa upande mmoja waliobaki majumbani wakichambua mihogo? Kuna wanaosema ni ODM na UDA kuwa kitu kimoja serikalini. Kuna wanaosema ni kifo cha Raila Odinga mwezi uliotangulia, watu wakapiga kura ya matanga. Kila baraza la kahawa lina jibu lake, na yote ni maneno matupu mpaka mtu aweke pembeni kwa pembeni hesabu ya kituo kimoja mwaka 2022 na hesabu ya kituo hichohicho 2025.

Hesabu hiyo imo kwenye fomu 35A, ile ambayo msimamizi wa kituo huijaza akimaliza kuhesabu kura za mbunge, mawakala wakatia sahihi, na nakala ikabandikwa mlangoni.

Niwaeleze fomu hiyo inavyoonekana kwa macho ya mwananchi, maana pengine kutoka Nairobi mnaiona kama faili tu. Usiku ule wa Agosti 2022 nilikuwa nje ya darasa la nne la shule moja ya msingi, saa tisa kasoro, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini na harufu ya mashamba ya chumvi. Karani akatoka na karatasi na gundi. Akaibandika, akaipiga viganja mara mbili, akarudi ndani. Tukasogea na simu zetu. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasema rudia, mwingine anasema songa kichwa. Nikanakili safu zote, hata kura zilizokataliwa. Kukipambazuka nikakodi bodaboda nikazunguka vituo vingine vinane, nikachoka, nikarudi. Kesho yake mchana nilipopita tena pale pa kwanza, mlangoni palikuwa na gundi iliyokauka na pembe moja ya karatasi. Kusi lilikuwa limefanya kazi yake, na watoto yao.

Kwa hiyo vituo tisa vya 2022 ninavyo. Eneo bunge lote sinalo.

Kura ya urais ya mwaka uleule mambo yalikuwa mengine kabisa. Tume ilifungua tovuti, na fomu 34A za vituo 46,229 zikapanda humo moja baada ya nyingine. Kijana aliyekaa Mambrui aliweza kusoma fomu ya Lokichar akiwa kitandani. Sijaona jambo la uchaguzi lililowatuliza watu kama lile. Magari ya kampeni yalinyamaza, watu wakawa wanajumlisha. Lakini fomu 35A, zile za mbunge, hazikupata heshima hiyo. Na sisi ndio tuliokuwa na pengo la kura 21! Tukazisubiri fomu hizo mahakamani, zikaja kama ushahidi wa kesi, wenye kesi wakazisoma na mawakili wao.

Sasa nifike kwenye kiini. Kanuni za uchaguzi zinasema nyaraka za uchaguzi zitunzwe mahali salama kwa miaka mitatu tangu matokeo yatangazwe, kisha ziharibiwe, isipokuwa tume au mahakama iagize vinginevyo. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Naelewa kwa nini iliandikwa: masanduku yanajaza maghala, karatasi za kura ni mzigo, na hakuna anayetaka karatasi ya kura yangu izurure. Lakini miaka mitatu ya uchaguzi wa 2022 ilitimia Agosti 2025, mwezi mmoja baada ya ninyi kuapishwa na miezi mitatu kabla hatujarudia uchaguzi wetu. Maana yake kanuni iliruhusu karatasi za uchaguzi uliofutwa zitoweke kabla uchaguzi wa kuuziba haujafanyika.

Nguvu iko kwenye maneno hayo ya mwisho: iagize vinginevyo. Hamhitaji bunge, hamhitaji bajeti ya ziada, hamhitaji mahakama. Agizeni vinginevyo. Karatasi za kura zenyewe zikiharibiwa sina neno. Fomu za matokeo, kuanzia za kituo hadi za eneo bunge, za mbunge na za mwakilishi wadi, zisiguswe.

Mtaniuliza, mzee, karatasi kuukuu zina faida gani? Kwanza nikuhadithieni kuhusu mwaka ambao hakukuwa na karatasi.

Februari 1988 nilikuwa mwalimu kijana, suruali yangu bado ina pindo. KANU ilikuwa chama pekee na ilikuwa imeamua kura za mchujo zipigwe kwa mlolongo. Tukaitwa uwanjani. Kila mgombea aliwekewa picha yake kwenye mti au mikononi mwa wakala, nawe unasimama nyuma ya picha unayoitaka, mbele ya chifu, mbele ya mwajiri wako, mbele ya mkweo. Mimi nilisimama kwenye foleni iliyotoka nje ya uwanja, ikakunja kona ya choo cha walimu. Foleni ya pili ilikuwa ya watu ambao mtoto wa darasa la kwanza angewahesabu kwa vidole na asimalize vya miguu. Akaja mhesabuji na fimbo, akawa anagusa mabega. Tukarudi nyumbani. Jioni likatangazwa jina, na halikuwa la foleni ndefu.

Sitaji mtu wala uwanja. Wengine wametangulia mbele ya haki. Nataka tu mwone kilichotufanya tushindwe hata kulalamika. Kesho yake tungekwenda kudai nini, kwa ushahidi gani? Kura zilikuwa ni sisi wenyewe, na sisi tulikuwa tumekwisha kutawanyika, huyu kaenda kugema, yule kaenda baharini. Hakuna sanduku, hakuna karatasi, hakuna cha kuhesabu upya. Na aliyepita asilimia 70 kwenye mlolongo alihesabiwa amepita moja kwa moja, hana haja ya kura ya siri ya Machi. Katika daftari langu, ukurasa wa 1988 una jina moja na hakuna nambari hata moja.

Ukurasa wa 2007 una nambari nyingi, lakini Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, alipoongoza tume ya kuuchunguza uchaguzi ule akasema kasoro zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba matokeo ya kweli hayawezi kujulikana tena. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekufa katika ghasia zilizofuata kura. Fomu zilikuwapo safari hiyo, lakini hazikuwa mahali ambapo mwananchi angeziona. Hatua kubwa zilizokuja baadaye, matokeo ya kituo kuwa ndiyo ya mwisho, tovuti ya 34A, zote zimetokana na maumivu hayo, na zote ni hadithi ya karatasi kutoka kabatini kuja kwenye mwanga. Magarini tunaomba hadithi hiyo isiishie kwa rais.

Wageni wakilisoma jina la mbunge wetu mwaka hadi mwaka hudhani mchapaji amekosea. Eneo bunge lilianza na uchaguzi wa 1997, viti vya bunge vilipopanda kutoka 188 hadi 210, tukamegwa upande wa Malindi. Wa kwanza akawa David Noti Kombe wa KANU. 2002 akaja Kombe mwingine, huyu Harrison Garama. 2007 Amason Jeffa Kingi. 2013 Harrison Kombe akarudi. 2017 Michael Thoyah Kingi. 2022 Kombe. 2025 Kombe. Ni kama watu wawili wanacheza bao chini ya mwembe, na kete ni sisi.

Lakini ndani ya majina hayo mawili mna siasa yote ya Pwani. 2002, nchi nzima ilipoimba NARC, ule muungano ulioiangusha KANU, sisi tulimpeleka Kombe kwa tiketi ya Shirikisho, chama cha Pwani ambacho bunge zima kilipata kiti kimoja, hiki chetu. Nani aliyekipigia kura, na wapi? Ni watu wa bara wa Garashi na Marafa, ambako ukienda Bungale utaonyeshwa kaburi la Mekatilili wa Menza, shujaa wetu Wagiriama aliyewapinga Waingereza? Au ni watu wa ukanda wa chini, wenye ugomvi wa ardhi na makampuni ya chumvi? Miaka mitano baadaye wimbi la chungwa, yaani la ODM, lilipokuja na Amason Kingi, kura za Shirikisho ziliyeyuka au zilihamia ODM zote kwa pamoja? Kingi huyo alikwenda akawa gavana wa kwanza wa Kilifi, miaka kumi, kisha Spika wa Seneti. Mtu anayetaka kueleza jinsi kijana wa Magarini alivyofika pale lazima aanze na kura za 2007 kituo kwa kituo. Mimi ninayo jumla tu, ya gazetini, na gazeti lenyewe lilimwagikiwa chai.

Na kuna mkondo mrefu zaidi. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema Mei 1963 alipiga kura mara tatu ndani ya siku tisa: mara ya bunge la mkoa, mara ya seneti, mara ya bunge la taifa. Nikiwa mdogo nilidhani amechanganya. Hakuchanganya. Ilikuwa katiba ya majimbo, ile ambayo Ronald Ngala na chama chake cha KADU waliipigania, na Pwani ilikuwa na bunge lake kama ilivyokuwa Bonde la Ufa na mikoa mingine. Novemba 1964 KADU ikajivunja, Desemba tukawa jamhuri, yale mabunge ya mikoa yakabaki jina, kisha hata jina likaondoka. Tumekaa karibu miaka hamsini mpaka kaunti zikaja na mabunge yake mwaka 2013. Mama hakuishi kuyaona. Nilipokwenda katika ofisi moja ya umma kuuliza kama kuna matokeo ya bunge la mkoa la 1963 kwa upande wetu, afisa kijana, mpole kabisa, aliniuliza, "Mzee, unamaanisha bunge la kaunti?" Nikamwambia hapana, la mkoa. Akafungua kompyuta, akaandika, akangoja, akaniambia mfumo unaanzia 2013.

Sikumkasirikia. Kwake nchi imeanzia 2013. Nilinunua maji pale langoni nikapanda gari.

Najua mezani kwenu kuna jambo zito zaidi ya daftari langu, nalo ni mipaka. Kifungu cha 89 kinataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Ya mwisho ilichorwa Machi 2012, maeneo bunge yakawa 290; miaka kumi na miwili ikapita Machi 2024 na tume haina watu. Na kifungu hichohicho kinasema kazi ikamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Uchaguzi ni Agosti 2027. Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Siku mtakapoifanya, mtaanza na sensa. Kwa sensa ya 2019 Wakenya walikuwa 47,564,296. Ukigawa kwa 290 unapata watu 164,015 kwa eneo bunge. Magarini tulihesabiwa 191,610, tumezidi kidogo lakini tumo ndani ya ile asilimia 30 inayoruhusiwa. Malindi jirani walikuwa 333,226, mara mbili ya kiwango. Lamu Mashariki 22,258. Msinielewe vibaya: simwombei Mbajuni wa Kiunga apoteze kiti chake. Mtu anayesafiri kwa mashua kwenda kupiga kura haigawanywi haki yake kwa kikokotoo. Ninachoogopa ni ile 333,226. Mchoraji akiona Malindi imefurika na Magarini ipo hapo juu, penseli itamwambia avuke mto, achukue kata mbili za mjini atupe huku, au atuchukue sisi wa kando ya mto atupe mjini.

Katiba inawataka mtazame pia historia na uhusiano wa watu, si idadi peke yake. Basi jueni mto huo si mstari wa buluu tu kwenye ramani. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza iliwaamuru Wagiriama wote waliokuwa kaskazini ya Sabaki wahame, warudi kusini, na waliokataa wakachomewa nyumba. Mababu zetu walirudi kimyakimya miaka michache baadaye. Kila mzee wa hapa anajua babu yake alivukia wapi kwenda na alivukia wapi kurudi. Mto huu umekwisha kutumiwa mara moja kuamua nani akae wapi, kwa penseli ya mtu aliyekaa mbali.

Na hapa ndipo fomu kuukuu zinapokuwa na kazi. Mtu akija mbele yenu kwenye mkutano wa maoni akasema "watu wa kijiji fulani ni wamoja na sisi, tupeni," mtampimaje? Kila mwanasiasa ana wazee wake wa kukodi. Lakini kura za vijiji hivyo kwa chaguzi tano haziwezi kukodiwa. Zitaonyesha nani huenda pamoja na nani, kituo gani watu hujitokeza na kituo gani hawaji kwa sababu mtu wa ndani ya Adu anatembea asubuhi nzima kukifikia. Mnaweza kuona mpaka wa 1997 uliwaacha akina nani njia panda. Bila hizo, mtachora kwa sensa na kwa makelele.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba hivi. Toeni agizo, kwa maandishi, kwamba fomu za matokeo za 2022 na za chaguzi ndogo za 2025 hazitaharibiwa, na kama kuna zilizokwisha kuharibiwa semeni zipi, tujue tunalia nini. Zile zilizobaki zipigwe picha zipande kwenye tovuti kama zilivyopanda 34A. Iwe hivyo usiku wa Agosti 2027, kwa mbunge, kwa mwakilishi wadi, kwa gavana, kwa seneta, kwa mwakilishi wa kike, fomu ipande palepale karani anapomaliza kupiga gundi viganja. Kuhusu zile za zamani, 1992, 1997, 2002, 2007, ambazo mlizirithi kutoka tume zilizotangulia katika masanduku ambayo huenda hakuna aliyeyafungua, wapeni watunza nyaraka wa taifa waziorodheshe, na nakala za kila eneo bunge ziende maktaba ya kaunti yake. Kilifi tuna vijana wengi wa chuo kikuu wasio na kazi wakati wa likizo. Wataziandika kwenye kompyuta kwa nauli na chakula cha mchana.

Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa mtu jibu ndani ya siku 21. Nilisema nambari hii itarudi. Barua hii ihesabuni kuwa ni ombi rasmi chini ya sheria hiyo, kwa fomu 35A zote za Magarini za Agosti 2022 na za Novemba 2025. Nitaanza kuhesabu siku mtakapoipokea.

Mkimtuma mtu kuja kulinganisha na daftari langu, nitafurahi. Avuke daraja la Sabaki, apite Mambrui, na akifika Gongoni aulize mwalimu wa matokeo. Hata watoto watamwonyesha. Aje asubuhi kabla jua halijawa kali, na aje na miwani yake, maana hati yangu ya 2007 ina chai.

Wenu,
Mpiga kura, Wadi ya Gongoni,
Eneo bunge la Magarini.